Iqlimu Iliyo Bora: Nani Aliyeipima?



Siku moja ya Februari, kaskazi imelegea na joto limetushika kwelikweli, tulikaa barazani baada ya sala ya Alasiri, na mazungumzo yakawa ni ya jua tu. Nahodha mmoja mstaafu akasema lau angepewa yeye kuipanga hali ya hewa, angeiacha kaskazi ivume miezi sita bila kukatika, kisha kusi miezi sita, na tanga mbili akaifuta kabisa. Mwenye shamba la minazi akamkatiza: upepo wa nini, masika ndiyo iongezwe. Kijana mwenye duka akataka kipupwe mwaka mzima. Mwalimu wa skuli aliyekuwapo akaanza kuwagawia maksi, huyu sita kwa kumi, huyu nne, na kicheko kikawa kikubwa.

Nilicheka nao, lakini nikakumbuka kwamba mchezo huu si mpya. Walioucheza kabla yetu walikuwa watu wakubwa wa elimu. Wao waliucheza kwa kalamu, na maksi walizozitoa ziliwaumiza watu ambao hawakuwapo barazani.

Neno iqlimu Waarabu walilipata kwa Wayunani, na asili yake ni mteremko, yaani vile ardhi inavyolielekea jua. Batlimus wa Iskandaria, katika karne ya 2 ya Miladi, alizipanga nchi kwa urefu wa mchana ulio mrefu kuliko yote katika mwaka. Iqlimu ya kwanza ni ya Meroe, katika Sudan ya leo, ambako mchana huo hufika saa 13. Ya pili ni Aswan, saa 13 na nusu. Ya tatu ni Iskandaria yenyewe, saa 14. Ikaendelea hivyo kwa nusu saa nusu saa mpaka ya saba, saa 16, katika nchi za mto Dnieper. Hii ni hesabu ya falaki, na haina ubaya wowote. Sisi wa Mombasa, ambao mchana wetu mrefu na mchana wetu mfupi hupishana kwa kiasi cha nusu saa tu, hatukuwamo hata katika ya kwanza. Baadaye wako walioanza kuhesabu tangu ikweta, kama al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake Sicily mwaka 1154. Yeye kila iqlimu aliikata mafungu kumi, zikawa ramani 70, na humo Malindi na Mombasa zimetajwa kwa majina.

Ubaya uliingia pale hesabu ilipogeuzwa sifa. Matabibu wa Kiyunani, tangu Buqrat, walifundisha kwamba afya ni itidali, yaani kuwa baina na baina: si moto mno wala baridi mno, si mkavu mno wala majimaji mno. Basi watu wakasema: ikiwa iqlimu ni saba, iliyo katikati ni ya nne, kwa hiyo ya nne ndiyo bora. Na nani aliyekaa katika ya nne? Baghdad! Al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, aliisifu sana nchi ya Babil kuwa ndiyo tukufu kuliko zote, naye ni mzaliwa wa Baghdad. Simlaumu mtu kupenda kwao. Lakini aliyewahi kukaa Iraq mwezi wa Julai, ambapo joto la mchana kwa kawaida hufika digrii 43 na zaidi, atajiuliza ubaina na baina huo umepatikana wapi.

Ama aliyeifikisha hoja hii mwisho wake ni Ibn Khaldun, na juu yake nitakaa kidogo, kwa sababu ni mwanachuoni ninayemheshimu na kumsomesha. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, akafariki Cairo mwaka 1406. Muqaddima aliiandika mwaka 1377 akiwa ngomeni kwa Ibn Salama, katika Algeria ya leo.

Kwanza tumpe haki yake. Wako waliodai kwamba weusi wa mtu ni laana ya Nabii Nuhu kwa mwanawe Ham. Ibn Khaldun aliikataa kauli hiyo, akasema rangi ni athari ya joto la hewa, basi. Kwa karne ile lilikuwa neno zito, na leo bado wako wanaolihitaji. Tena alikuwa mtu wa kutazama. Anasimulia kwamba mtu wa Fez, ambako pamezungukwa na vilima vya baridi, hujaa wasiwasi wa kesho, huweka akiba ya ngano ya miaka, na bado asubuhi hudamkia sokoni asije akaipunguza. Na kwamba mtu wa Misri hana habari hiyo, hununua cha siku. Anasema aingiaye hamamu yenye mvuke moyo humkunjuka, pengine akaanza kuimba, na joto la nchi nalo huwafanyia watu vivyo hivyo. Unaweza usikubali, lakini unaona kwamba aliyasema haya kwa kuangalia.

Kisha akaja kwa watu wa kusini ya mbali, ambao hakuwaona. Hapo kalamu ikabadilika. Aliandika kwamba tabia zao zinakaribia za wanyama, kwamba wanakaa mapangoni na vichakani, na kwamba wa kaskazini ya mbali nao ni mfano wao. Akawaondoa katika hukumu hiyo Wahabeshi, na watu wa Mali, Gao na Takrur, kwa kuwa wana dini. Pwani ya Zanji hakuiweka katika walioondolewa.

Na mizani yake ilimkwamia mahali ambapo hakuna Mwislamu angeiruhusu ipite: Hijazi. Kwa hesabu ya iqlimu, Hijazi na Yemen hazimo katikati, ziko upande wa joto. Na Mitume je? Ibn Khaldun aliliona swali kabla hajaulizwa, akajibu kwamba Bara Arabu imezungukwa na bahari pande tatu, na majimaji ya bahari yamepunguza ukavu na ukali wa hewa yake. Kwa heshima zote, jibu hili halinitoshi. Makka tunajua kwa Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Ibrahim, kwamba ni bonde lisilo na mimea, na aliyekwenda Hija katika miezi ya joto hahitaji kuelezwa. Tena ikiwa bahari ya pande tatu imeisaidia Yemen, mbona bahari ya pande zote haikuisaidia Kilwa, iliyo kisiwa?

Lililo la ajabu ni kwamba habari ya Kilwa ilikuwa karibu naye. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, mwaka mmoja kabla Ibn Khaldun hajazaliwa. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake, akawasifu watu kwa dini na wema, na akataja hata kwamba mvua ni nyingi. Ibn Khaldun anamtaja Ibn Battuta katika Muqaddima hiyo hiyo! Anasema watu wa Fez walinong'ona kwamba msafiri yule ni mwongo, naye mwenyewe akaingiwa na shaka, mpaka waziri mmoja akamnasihi asiyakanushe mambo ya nchi za watu kwa sababu tu hakuyaona. Nasaha hiyo ameiandika kwa mkono wake.

Sasa tumtazame Ibn Sina. Huyu alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, akafariki Hamadan mwaka 1037. Ikweta hakufika, wala hakuwa na jamaa huku wa kumpendelea. Lakini katika Al-Qanun fi al-Tibb alisema kwamba watu wanaokaa kwenye ikweta ndio walio karibu zaidi na itidali, ikiwa hakuna sababu ya ardhi, kama milima au bahari, ya kubadilisha jambo. Hoja yake ni ya falaki. Kwenye ikweta jua hupita utosini Machi na Septemba, na linapopita huwa lina haraka, karibu nusu ya digrii kila siku, halikai. Lakini kwenye nchi zilizo mbali kidogo na ikweta, jua likifika utosini mwezi wa Juni ni kama limesimama. Huzunguka hapo hapo wiki kadhaa, na mchana ni mrefu, na usiku ni mfupi, ardhi haipati nafasi ya kupoa. Kwetu usiku na mchana ni sawa, kilichochomwa mchana hupozwa usiku.

Wengi walimpinga, na Ibn Rushd wa Cordoba ni mmoja wao. Leo vipimo vipo. Mombasa, katika Februari na Machi, joto la mchana huwa kiasi cha digrii 32 au 33, zaidi ya digrii kumi chini ya Baghdad ya Julai. Mfungaji wa Mombasa hufunga saa 13 na kitu, Ramadhani iangukie mwezi wowote, na wa London ikimwangukia Juni hupita saa 18. Niliposema haya pale barazani, yule kijana wa duka alinijibu, "Sheikh, huyo Ibn Sina hakuvaa shati hili." Na kweli shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nikamkumbusha lile sharti la bahari. Msomaji wa pwani naye asije akaikamata kauli ya Ibn Sina akajitapa nayo, maana atakuwa amehamisha Baghdad tu akaileta Mombasa.

Na mtu asidhani kwamba mchezo huu ulikwisha na wazee hao. Mwaka 1915 Ellsworth Huntington, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alitoa kitabu kuhusu ustaarabu na hali ya hewa. Aliwapima wafanyakazi wa viwanda vya Connecticut na wanafunzi wa vyuo vya kijeshi, akasema mwili hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kiasi cha digrii 18, na akili kwenye digrii 4. Tena alitaka tufani za mara kwa mara, kwani hewa isiyobadilika aliiona inamlegeza mtu. Tazama: usawa ambao kwa Ibn Sina ndio uzuri, kwa huyu ndio kasoro! Kisha aliwaandikia wataalamu, wengi wao wa Ulaya na Marekani, wazipange nchi za dunia kwa daraja za ustaarabu, akachora ramani mbili na kuzilinganisha. Waliopata daraja ya juu ni Ulaya ya kaskazini magharibi na Marekani ya kaskazini mashariki. Connecticut iko humo.

Huku kwetu maksi hizo hazikubaki vitabuni. Wazungu walioingia Kenya waliliogopa jua la ikweta, wakavaa helmeti nzito na vitambaa vya kukinga uti wa mgongo. Lakini walipoziona nyanda za juu, zenye ubaridi, Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna tangu 1900 mpaka 1904, alishikilia kwamba hiyo ni nchi ya mtu mweupe. Sheria ya ardhi ya 1902 ikafungua mlango, na mwaka 1939 amri ya serikali ya Uingereza ikathibitisha mipaka ya nyanda hizo. Wakikuyu, Wamasai, Wanandi na wengineo waliokuwa wakikaa katika hewa hiyo nzuri waliambiwa wasogee. Hewa ilipewa kumi kwa kumi, na wenyewe wakapewa kipande cha kufanyia kazi.

Niliwahi kuwasomesha vijana wangu chuoni habari ya Ibn Sina, nikawatundikia ramani waifuate ikweta kwa kidole watafute mahali pake pa itidali. Mmoja akaanza baharini, akapita kusini mwa Somalia, akaingia Kenya, akasimama kwenye Mlima Kenya, mita 5,199, unaokaribia kuguswa na mstari wenyewe. Akasema, "Maalim, hapa pana barafu." Nikamwambia ndiyo, ipo, ingawa kila mwaka inazidi kupungua, na Ibn Sina aliitoa milima katika hukumu yake. Akarudisha kidole nyuma kidogo, mpaka kwenye Mto Tana, akauliza, "Na hapa?" Hapo pana joto kali, nikamwambia, na nyumbani kwa mama yake ni karibu na hapo.