Kihenge, Rupia na Kufuli Tatu: Akiba ya Dharura Ufipa

Methali isemayo kuwa akiba haiozi hutolewa kwa kawaida kama nasaha, lakini kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ilikuwa kwa muda mrefu maelezo sahihi ya kilichomo ghalani. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na kwa kuwa mvua zake ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, kaya huvuna mara moja na kutumia mwaka mzima.

Zao kuu la zamani la Wafipa lilikuwa ulezi, na rutuba ya mashamba ilitunzwa kwa intumba, yaani marundo ya mviringo ya udongo yaliyofukiwa majani yakaoza humo na kuwa mbolea. Punje ya ulezi ni ndogo mno kwa fukusi kuzaliana ndani yake, hivyo nafaka hiyo, ikiwa kavu, hukaa katika kihenge, ghala la fito lililokandikwa udongo, kwa miaka kadhaa bila kuharibika. Tena haikuwa chakula tu, kwani ulezi ulipikiwa pombe, na pombe ndiyo iliyowaita majirani shambani. Mwenye nyumba akiugua wakati wa kulima, kihenge chake kiliweza kumlimia. Ni vigumu kutaja mfuko wa dharura uliokamilika kuliko huo.

Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini kwa mwaka, ilileta dharura ya aina nyingine, yenye tarehe inayojulikana na isiyolipika kwa urahisi kwa pishi za ulezi. Sarafu ikawa lazima itafutwe mbali, na kwa miongo iliyofuata vijana wengi wa Ufipa walikwenda kukata mkonge Tanga. Fedha hiyo nayo haikuwa salama, kwa sababu noti za muda zilizochapishwa Dar es Salaam na Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia zilipoteza thamani baada ya Wajerumani kushindwa, jambo ambalo halijawahi kuupata ulezi.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na mahindi. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua hata kwenye mikoa ya mbali, hivyo Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974, ukawa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mahindi huzaa sana, lakini hubunguliwa. Na dumuzi, mdudu kutoka Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora karibu na mwaka 1980 na ambaye wakulima walimbandika jina la lori, Skania, aliweza kugeuza gunia kuwa unga wa vumbi kwa miezi michache. Mkulima akalazimika kuuza mapema, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kisha kuitunza fedha, kazi iliyo ngumu kuliko kutunza nafaka.

Upatu, mchango unaochukuliwa na mwanachama mmoja kwa zamu, haukutosha, kwa kuwa ugonjwa haufuati zamu. Pengo hilo ndilo lililozibwa na VICOBA, yaani benki za kijamii vijijini, zilizotokana na mfumo ulioanzia Maradi, Niger, mwaka 1991, na ambazo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi vyake kusajiliwa. Fedha huwekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama wote. Kando ya hisa zinazokopeshwa kwa riba, kila mmoja huchangia kiasi kidogo katika mfuko wa jamii, unaotumika kwa misiba na magonjwa. Hata hivyo, mwisho wa mzunguko wanachama hugawana fedha zao na sanduku hubaki karibu tupu, na kaya itakayouguliwa juma hilo hurudi kwenye gunia la mahindi au kwa mbuzi zizini.