Makala ya kisayansi kwa mukutano: namna ya kuipanga isirudishwe

Kila mwaka wanafunzi, waasistanti na waganga wa Kivu Kusini wanafanya utafiti: mumomonyoko wa udongo Kadutu, maji ya Ruzizi, munyauko wa migomba Kabare, magonjwa Kamituga. Kazi nyingi zinabaki katika rafu za chuo. Zingine zinatumwa kwa mukutano wa wanasayansi, kisha zinarudishwa mbele hata mutu asome matokeo, juu zilipangwa vibaya. Mulimaji aliyefungua shamba lake, mugonjwa aliyejibu maswali, wote wanapoteza.

Kitabu cha mukutano ni nini?

Wataalamu wakikutana, makala zilizokubaliwa zinakusanywa katika kitabu kimoja, cha karatasi ao cha intaneti. Kwetu wengi wanakiita akte za mukutano. Mukutano unaisha kwa siku mbili tatu, lakini kitabu kinabaki, na ndicho wengine watasoma na kutaja.

Anza na tangazo

Tangazo la mukutano linasema luga, tarehe ya mwisho, hesabu ya kurasa na modeli ya kufuata. Pakua modeli hiyo na uandike ndani yake tangu siku ya kwanza. Modeli ya IEEE, inayotumiwa sana na mainjinia, inaomba safu mbili, herufi za Times New Roman ukubwa wa 10, na haitaki uweke namba za kurasa. Ile ya Springer kwa mikutano ya informatike ina safu moja na muhtasari wa maneno 150 mpaka 250. Usipunguze herufi ao pembizo ili maneno yaingie, kata maneno.

Angalia pia kama wanaomba makala isiyo na majina, ili wasomaji-wapimaji wasijue nani ameandika. Basi toa jina lako pia katika shukrani na katika habari za faili.

Sehemu za makala

Mpango wa kawaida ni huu: kichwa, waandishi, muhtasari, maneno-funguo, utangulizi, njia, matokeo, mazungumzo, mwisho, vitabu vilivyotajwa. Muhtasari uandike mwisho. Useme swali, namna ulivyofanya, ulichokuta na faida yake. Memware ya kurasa 80 haikatwi kwa makasi ikawa makala ya kurasa 8: chagua swali moja na matokeo yanayolijibu.

Majina: hapa wengi wanapotea

Wakongomani wengi wana majina matatu kwenye karatasi: jina, posinomu na prenomu. Fomu za ngambo zinaomba mawili tu. Ukijaza hivi leo na vile kesho, mashini zitakuhesabu kuwa watu wawili. Chagua namna moja na uishike maisha yote. ORCID, iliyoanza 2012, inatoa bure namba ya tarakimu 16 inayofuata mwandishi popote.

Jina la chuo vilevile. Ukiandika mara Université Officielle de Bukavu, mara UOB, mara tafsiri ya Kiingereza, kazi za chuo kimoja zinatawanyika. Lwiro tunaona mufano: IRSAC, iliyoundwa 1947 wakati wa Wabelgiji, ndiyo iliyojenga kituo ambacho leo tunakiita CRSN-Lwiro. Anayetafuta kazi za zamani lazima ajue majina yote mawili.

Nani awekwe kuwa mwandishi? Yule aliyechangia kweli wazo, data ao uchambuzi, akashiriki kuandika na kukubali makala ya mwisho. Cheo peke yake hakitoshi. Aliyesaidia kidogo anashukuriwa mwishoni.

Namba, majedwali, picha

Tunaosoma kwa Kifaransa tunaandika nukta ya desimali kwa koma: 3,5. Kwa Kiingereza ni 3.5, na koma inatenga maelfu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya bahari. Mwandike Mwingereza 1,460, atasoma elfu moja na mia ine na sitini. Mufaransa atasoma mita moja na nusu hivi. Pitia kila jedwali kabla ya kutuma.

Ramani iwe na skeli, mushale wa kaskazini na asili yake. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi, na isomeke hata ikichapwa nyeusi na nyeupe. Kila picha na jedwali litajwe ndani ya maandishi. Kama kuna wagonjwa ao watoto, taja ruhusa ya kamati ya maadili, na usionyeshe sura zao.

Mikutano ya uongo

Ukipata barua inayokusifu sana, ikikubali makala kwa siku mbili na kuomba dola mbio, simama kwanza. Tafuta majina ya kamati na uwaandikie wenyewe. Tazama vitabu vya mikutano iliyopita. Uliza bibliotekere ao profesa. Mukutano wa kweli unapima makala, na kwa kawaida unakurudishia maoni ya wapimaji. Uliza pia kama kuna punguzo kwa nchi maskini na kama unaweza kusema kwa video. Visa na safari vinashinda wengi.

Kabla ya kubonyeza

Hakikisha kila kazi iliyotajwa ndani iko katika orodha ya mwisho, na kinyume chake. Fungua PDF kwenye ordinatere ingine uone kama herufi hazikuvunjika. Mupe mwenzako aisome. Tuma siku tatu mbele ya tarehe: kwetu umeme na intaneti havingoji mutu.

Makala ikitoka, acha nakala katika biblioteke ya chuo, kisha andika ukurasa mumoja kwa Kiswahili, Mashi ao Kilega kwa watu waliokupa data. Wale wa Kabare ao Kamituga walitoa saa zao, na wana haki ya kujua ulichokuta.