Lugha Iliyozaliwa Bwenini

Kanyenye, kama mitaa mingine ya Tabora mjini, ni mrithi wa mji wa wapita njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi, Waarabu na watu wa pwani wakahitaji lugha ya kuelewana. Hivyo Kiswahili kikatia mizizi huku bara kabla serikali haijakipa hadhi yoyote. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua mjini Tabora shule ya kwanza ya viziwi nchini, ya bweni, na jambo kama lile, lugha kuzaliwa watu wanapokutana, likajirudia miongoni mwa watoto. Sifa za shule hiyo hutolewa kwa masomo yake. Mimi naona kilichowaponya watoto wale mioyo ni kukaa pamoja na wenzao.

Walimu wa enzi hizo walifuata mkondo uliotawala tangu mkutano wa Milan wa mwaka 1880: kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo. Nia ilikuwa njema, ila midomo haisemi yote. Mtoto anayetazama tu hawezi kutofautisha "baba", "mama" na "papa". Hubahatisha kutwa nzima, huitikia asichokielewa, na akikosea mara nyingi hujiona mjinga. Akiwa na wenzake, mikono ilifanya kazi ambayo midomo ilishindwa. Ushahidi ni kwamba shule za viziwi za Tanzania, Tabora, Buguruni (1974) na zilizofuata, kila moja ilikuwa na alama zake, hata Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kikalazimika kushughulikia usanifishaji wa lugha ya alama. Lugha iliyoshushwa na mtaala ingefanana kote. Tofauti zile zinaonyesha kwamba ilichipuka kwa watumiaji. Nicaragua nako, watoto viziwi walipokusanywa shuleni Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, waliunda lugha kamili ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Watapinga wengine: bweni lilimtenga mtoto na mama yake, basi heri asome jirani na kwao. Uchungu huo ni wa kweli, wala sitaki kuupunguza. Lakini mtoto anaweza kulala nyumbani kwao na bado akawa mpweke, ikiwa hakuna mezani anayeweza kumsimulia kilichowachekesha. Kiziwi mmoja katika darasa zima la wanaosikia hajajumuishwa kwa sababu tu amepewa dawati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka viziwi wasome katika mazingira yanayokuza taaluma na maisha yao ya kijamii pia. Na wanaohofu kwamba alama zitamnyima Kiswahili wakumbuke kuwa lugha ya pili hujengwa juu ya ya kwanza. Kwa hiyo shule ya jirani inayompokea mtoto kiziwi impe viziwi wenzake, mwalimu anayejua alama, na mtu mzima kiziwi wa kuwa mfano kwake. Wazazi na ndugu zake nao wafundishwe alama hizo hizo, tangu angali mdogo.