Mgao wa Vyeo kwa Ukabila: Mkwamo wa Burundi na Hukumu Yake

Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa Nangara, Babati, wametuuliza darsani: je, inajuzu kugawa uongozi wa nchi kwa makabila, ilhali Suratun-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe? Walikusudia Burundi. Na swali si la mbali, kwani nchi hiyo ilisuluhishwa Arusha, wakati Babati ikiwa bado wilaya ya mkoa huo, kabla ya Manyara kuundwa mwaka 2002.

Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993, miezi 3 tu baada ya kuapishwa. Mauaji yakaenea nchini. Wahutu walikuwa na wingi wa kura, Watutsi walio wachache walikuwa na jeshi. Fundo lilikuwa hapo: huyu haamini serikali inayoweza kupinduliwa asubuhi, na yule haamini kura itakayomwacha bila ulinzi. Mkataba wa Septemba 1994 uligawa vyeo, lakini jeshi likabaki vilevile. Julai 1996 Meja Pierre Buyoya akapindua.

Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, na alipofariki Oktoba 1999 akapokea Nelson Mandela. Pande zilikuwa 19. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na baadhi ya vyama vya Watutsi vikachelewa hadi Septemba. La kushangaza, walisaini bila kuafikiana nani aongoze mpito! Takriban mwaka mzima ulipita kwa jambo hilo moja. Mwishowe waligawana wakati: Buyoya miezi 18, kisha Mhutu, Domitien Ndayizeye, miezi 18. Serikali ilianza Novemba 2001, na tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya akakabidhi kweli. Waasi wa CNDD-FDD waliingia serikalini baada ya makubaliano ya Novemba 2003 jijini Dar es Salaam.

Katiba ya 2005 ikaweka viwango: mawaziri na wabunge 60 kwa 40 baina ya Wahutu na Watutsi, viti 3 bungeni vya Watwa, Seneti nusu kwa nusu, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Hicho cha mwisho ndicho tunachokiona kuwa roho ya mkataba, maana ndicho kilichokosekana 1994.

Tunasema: mgao huu unajuzu kwa dharura ya kuzuia damu, na dharura haivuki kiasi chake. Pale Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W.) alikubali jina la utume wake liondolewe katika maandishi ya suluhu, na Maswahaba wakaona uzito mkubwa. Nasi wa Zanzibar tunaijua ladha ya jambo hili, tulipopiga kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa tarehe 31 Julai 2010.

Ama aya ya amana, haikufutwa na mgao. Ndani ya fungu la kila kabila ni wajibu kumtafuta mwenye sifa. Anayemteua asiyefaa, hali anajua, kwa sababu tu ni wa kwao, amekhini.

Wala mgao usidhaniwe kuwa ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015 Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, waliompinga walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja, na maelfu wakakimbilia Nyarugusu, Kigoma. Viwango vilikuwepo vyote. Ugomvi ulikuwa wa kiti. Katiba ya 2018 ikaipa Seneti miaka 5 kutathmini kama viwango hivyo viendelee au viondolewe, na kwa mtazamo wetu visiondolewe jeshini kwanza.

Wallahu a'lam.