Fizikia katika gemu za bunilizi ya kisayansi

Mtu anapobuni gemu yenye vyombo vya anga, roboti, sayari za mbali au silaha ambazo bado hazijatengenezwa, hukutana mapema na suala la fizikia: kanuni zipi za maumbile azifuate, zipi azipinde na zipi azivunje kabisa. Wengi hulijadili kana kwamba jibu ni ndiyo au la. Makala hii inashikilia kwamba gemu ina ruhusa ya kuvunja kanuni yoyote, ila itangaze kwamba imeivunja. Uongo uliotangazwa humfanya mchezaji afikiri. Uongo wa kimya humwachia kichwani fizikia isiyokuwepo popote, naye huibeba hadi darasani bila kujua ameipata wapi.

Namba inayokuja bila kuombwa

Ndera ni sekta ya wilaya ya Gasabo, mashariki mwa jiji la Kigali, kwenye vilima vya takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Humo ndimo ilimo Masoro, palipojengwa Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, na katika eneo hilo hilo, upande wa Bumbogo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon Afrika kilifungua kampasi yake mwaka 2019. Kijana wa hapo akifungua injini ya gemu iitwayo Unity kwenye kompyuta yake, atakuta mvutano umekwisha kupangwa: mita 9.81 kwa sekunde, kila sekunde. Akifungua injini nyingine, Unreal, atakuta 980, kwa kipimo cha sentimita. Hakuna aliyemuuliza gemu yake iko wapi.

Namba hizo zina ukoo na 9.80665, kipimo rasmi kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1901 kwa kufuata mvutano ulio kwenye usawa wa bahari katika latitudo ya nyuzi 45. Ndera haiko huko. Iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, mahali ambapo dunia imetuna kiunoni, mzunguko wake unapunguza kidogo uzito wa kila kitu, na vilima vinamsogeza mtu mbali zaidi na kitovu cha dunia. Mvutano wa Ndera ni kama 9.78. Gemu iliyotengenezwa Ndera kuhusu Ndera, mtengenezaji asipoigusa namba ile, huwa na mvutano wa nchi nyingine.

Je, mchezaji ataona tofauti? Hesabu ndiyo ijibu. Kitu kikianguka mita 10 bila kuzuiwa na hewa, kwa 9.81 kinafika chini baada ya sekunde 1.428, na kwa 9.78 baada ya sekunde 1.430. Zimepishana milisekunde mbili. Skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde hukaa na kila picha milisekunde 16 na zaidi. Tofauti ipo, lakini inamezwa ndani ya picha moja. Kwa hiyo mtengenezaji anayeiacha 9.81 hajamkosea mchezaji, mradi ajue ameiacha.

Hewa ni habari nyingine. Kwenye mita 1,500 hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya saba ikilinganishwa na pwani. Bawa la ndege linalobeba mzigo ule ule lazima likate hewa hiyo kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 7 au 8. Rwanda inalijua jambo hili kwa vitendo, maana tangu Oktoba 2016 droni za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Droni hizo zina mabawa kama ndege na husafiri kwa takriban kilomita 100 kwa saa. Hazisimami hewani. Huachia kifurushi chenye parachuti huku zikipita. Mtoto aliyezoea gemu ambamo bomu huanguka wima chini ya ndege angekiachia kifurushi juu ya uwanja wenyewe wa hospitali, naye angeukosa. Kifurushi huachiliwa kikiwa bado na mwendo wa ndege, kama mita 28 kwa sekunde, na hukimbia mbele kabla parachuti na hewa hazijakituliza. Ukiiondoa kanuni hiyo kwenye gemu ya droni, umeondoa mchezo wenyewe, kwa sababu ustadi wote uko katika kujua uachie lini.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokiona kuwa cha haki. Kanuni ya maumbile inastahili kuingia kwenye gemu pale inapomlazimisha mchezaji achague. Tofauti ya 9.81 na 9.78 haimlazimishi kuchagua chochote. Mwendo wa kifurushi unamlazimisha.

Walivyoamua waliotangulia

Swali hili lina umri sawa na gemu zenyewe. Spacewar!, iliyoandikwa na Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani na kuanza kuchezwa mwaka 1962, ilikuwa na vyombo viwili vinavyopigana kandokando ya nyota yenye mvutano. Chombo kikishasukumwa kiliendelea kwenda mpaka kisukumwe upande wa pili, kama inavyokuwa katika anga tupu. Aliyeingiza mvutano wa nyota ni Dan Edwards, na kompyuta yao ya PDP-1 ilimudu hesabu ya vyombo tu. Makombora yakaachwa yaende mstari mnyoofu bila kuvutwa, na yakachukuliwa kuwa ya fotoni, yaani ya nuru. Lilikuwa suluhisho la heshima: udhaifu wa mashine haukufichwa, ulipewa maelezo ndani ya hadithi. (Nuru nayo huvutwa, lakini kwa kiasi kidogo mno. Ilibidi kusubiri kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, kulikotazamwa pia kisiwani Príncipe nje ya pwani ya Afrika, ndipo kupinda huko kupimwe.)

Wanaosema raha itangulie na fizikia ifuate wana ushahidi wao, na ni mzito. Elite ya David Braben na Ian Bell, iliyotoka mwaka 1984, iliendesha vyombo vya anga kana kwamba viko hewani: chombo kilikwenda kule pua yake ilikoelekea. Mwaka 1993 Braben alitoa Frontier, ambamo vyombo vilifuata kanuni za Newton kikamilifu. Vita vikabadilika sura. Wapiganaji wawili walipishana kwa kasi kubwa, wakarushiana risasi kwa nukta moja, kisha wakatumia muda mrefu kujigeuza ili wapishane tena. Wachezaji wengi hawakuvipenda. Elite Dangerous ya mwaka 2014 ikarudi nyuma nusu ya njia: chombo kina kikomo cha kasi, na kompyuta yake humsaidia rubani kujituliza, ila rubani anaweza kuuzima msaada huo na kuuacha mwendo uendelee. Swichi hiyo ndiyo tangazo. Mchezaji anajua lini anasaidiwa na lini yuko peke yake na Newton.

Kerbal Space Program iliasisiwa na Felipe Falanghe katika kampuni ya Squad ya Meksiko, ikaonekana hadharani mwaka 2011 na kukamilishwa mwaka 2015. Husifiwa kuliko nyingine zote kwa kufundisha mizunguko ya angani, na sifa hiyo inaistahili. Hata hivyo sayari yake, Kerbin, haiwezekani. Nusu kipenyo chake ni kilomita 600 tu, ilhali cha dunia ni 6,371, na mvutano wa juu yake umewekwa sawa na wetu. Ili hilo liwe kweli, udongo wa Kerbin ungepaswa kuwa mzito mara kumi na zaidi kuliko wa dunia, kupita metali yoyote tunayoifahamu. Faida yake ni kwamba roketi hufika kwenye obiti kwa kasi ya kama kilomita 2.3 kwa sekunde badala ya karibu 7.8, na mwanafunzi hamalizi jioni nzima akingojea. Ukubwa umepindwa ili umbo la kanuni libaki. Anayejifunza pale kwamba ili umkute aliye mbele yako kwenye obiti inabidi upunguze mwendo, ushuke na kumpita kwa chini, amejifunza jambo la kweli lisiloaminika kwa kusikia tu.

Portal ya mwaka 2007 iliivunja kanuni moja na kuitaja tangu mwanzo: milango miwili inayounganisha mahali palipo mbali. Kasi unayoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Weka mlango mmoja sakafuni na mwingine darini, utaanguka bila mwisho ukizidi kushika kasi, nishati ikitoka pasipojulikana. Mchezaji anaona wazi palipovunjika, kisha anatumia mvunjiko huo kama nyenzo. Gemu ya MIT ya mwaka 2012, A Slower Speed of Light, ilifuata njia hiyo hiyo: ilipunguza kasi ya nuru hatua kwa hatua mpaka mtu anayetembea kwa miguu aanze kuona rangi zikigeuka kama Einstein alivyofundisha.

Karatasi na mbegu

Kompyuta si sharti. Kitabu cha mchezo wa Traveller cha mwaka 1977 kiliwapa wachezaji fomula ya safari ya chombo kinachoongeza mwendo hadi nusu ya njia kisha kuupunguza: muda ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha umbali uliogawanywa kwa mchapuko. Chukua kilomita 384,400 za kwenda mwezini na mchapuko sawa na mvutano wa dunia, utapata kama saa tatu na nusu. Hesabu hiyo inawezekana kwa chaki kwenye ubao wa shule yoyote ya sekondari.

Igisoro, mchezo wa jadi wa Rwanda ulio ndugu wa bao, una mashimo 32 na mbegu 64, na hauhitaji fizikia yoyote. Uzito wa mbegu hauamui kitu, hesabu ndiyo huamua. Gemu ya bunilizi ya kisayansi inayohusu biashara au siasa kati ya sayari inaweza kuwa ya namna hiyo bila aibu. Tatizo huanza mchoro unapoahidi fizikia ambayo kanuni za mchezo hazinayo.

Katika Afrika Mashariki ahadi hiyo ina uzito wa pekee pale hadithi inapotokea mitaa inayojulikana. Nairobi X ya Black Division Games, iliyoongozwa na Andrew Kaggia na kutolewa mwaka 2015, ilileta wavamizi wa sayari nyingine katikati ya Nairobi. Silaha ya mgeni inaweza kufanya lolote. Mkenya anayeruka kutoka ghorofani anapimwa na kila mtu aliyewahi kupanda ngazi za jengo la namna ile.

Satelaiti ya dakika kumi

RwaSat-1, satelaiti ndogo ya Rwanda, ilirushwa Septemba 2019 na kuachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 20 Novemba mwaka huo, kwenye kimo cha takriban kilomita 400. Gemu nyingi huning'iniza satelaiti kama hiyo juu ya jiji, imesimama, tayari kutii wakati wowote. Huo ni uongo wa kimya. Satelaiti inayoonekana kusimama juu ya ikweta huwa kilomita 35,786 juu. Iliyo kwenye kilomita 400 huzunguka dunia kwa muda wa kama saa moja na nusu, nayo dunia hujigeuza chini yake, hivyo mizunguko mingi haipiti juu ya Rwanda kabisa. Inapopita, mtu aliye Ndera huwa nayo kwa dakika kumi hivi au pungufu, tangu ichomoze upeo mmoja hadi izame upeo wa pili, na vilima humnyang'anya baadhi ya dakika hizo.

Mtengenezaji anayeyaona hayo kuwa kero ataiweka satelaiti isimame. Anayeyaona kuwa mchezo atampa mchezaji antena moja kilimani, saa inayohesabu kurudi nyuma, foleni ya picha na ujumbe usiotosha kushushwa wote, na mzunguko unaofuata ambao huenda usipite karibu.