Mji wa Dachau

Dachau ni mji mdogo wa Bavaria katika nchi ya Ujerumani. Toka mji mkubwa wa München mpaka huko ni mwendo wa kilometa 20 hivi.

Mji huu ni wa kale. Jina lake laonekana katika hati ya mwaka 805. Juu ya kilima pana jumba la watawala wa zamani na kanisa la Mtakatifu Yakobo, na chini limeenea bonde la kinamasi. Yapata mwaka 1900 wachoraji wengi walihamia Dachau kwa kuupenda mwanga na ukungu wa kinamasi kile, na jina la mji likatajwa kwa sifa.

Katika Vita Kuu ya kwanza kilijengwa kiwanda cha baruti kando ya mji. Vita vilipokwisha, watu wengi wakakosa kazi. Hata tarehe 22 Machi 1933, serikali ya Hitler ikafungua kambi ya wafungwa mahali pale pale. Kwanza walitiwa humo wapinzani wa serikali. Kisha Wayahudi na watu wa mataifa mengi. Makasisi peke yao walizidi 2,700, na walio wengi walikuwa Wapolandi. Katika muda wa miaka 12 kambi hiyo na matawi yake yaliwapokea watu zaidi ya 200,000. Zaidi ya 41,000 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi ngumu na kuuawa.

Je, wenyeji walifanya nini? Wafungwa walipita machoni pao. Wengi wakanyamaza kwa hofu, na wengine walifanya biashara na kambi. Lakini tarehe 28 Aprili 1945 wenyeji kadha wa kadha, pamoja na wafungwa waliotoroka, waliiteka nyumba ya baraza la mji ili kuuokoa. Askari wa kambi wakawashambulia, na watu sita wakauawa. Kesho yake jeshi la Marekani likafika na kuwafungua wafungwa.

Tangu mwaka 1965 kambi ile ni mahali pa ukumbusho. Basi wageni wafikao Dachau huuliza habari za miaka ile 12 kabla ya kuuliza habari za miaka 1,100 iliyotangulia. Jina jema lililojengwa na vizazi vingi liliharibiwa na kizazi kimoja. Na waliothubutu kulitetea walikuwa wachache, tena siku zilikuwa zimekwisha kupita.