Padri aliyechora ramani ya inchi ya baridi

Wengi wanafikiri kwamba kuchora ramani ni kazi ya maaskari na ya wakubwa wa serikali tu. Lakini huko kaskazini kabisa ya Kanada, kati ya ziwa Great Bear na bahari ya barafu, ramani moja ya maana sana ilitoka mukononi mwa padri.

Émile Petitot, Mufaransa wa shirika la Waoblati wa Maria, alizaliwa mwaka 1838. Alipewa upadri mwaka 1862, na mwaka uleule akaenda Kanada. Tangu 1864 misioni yake ilikuwa Fort Good Hope, kando ya muto Mackenzie. Kule wakati wa baridi muto unakuwa mugumu kama jiwe.

Petitot hakusafiri na kundi la wapimaji. Alipanda mutumbwi, ao alitembea juu ya theluji na viatu vipana vya kusukwa. Waliomwongoza ni Wadene, wawindaji wa inchi ile, waliojua maziwa na njia za nyama. Alijifunza kwanza luga yao. Kisha akaandika majina yao kwenye ramani. Mwaka 1875 Société de Géographie ya Paris ilimupa medali ya feza. Mwaka 1876 kamusi yake ya luga za Wadene ikatoka.

Katika ramani ile alichora muto mumoja, akauita La Roncière-Le Noury, jina la mukubwa wa chama kile. Alionyesha kwamba unaingia katika ghuba ya Franklin. Baadaye watu walitafuta mudomo wake pale, wasiuone. Basi muto ukafutwa katika ramani. Lakini muto uko! Unaingia katika ghuba ya Darnley, upande wa mashariki, na leo unaitwa Hornaday. Maporomoko yake yangali yanaitwa La Roncière.

Tuangalie vizuri neno hili. Petitot alikosea juu ya mudomo wa muto, hakukosea juu ya muto wenyewe. Waliokosea zaidi ni wale walioufuta, maana kwa ajili ya kosa moja walikataa ushuhuda muzima.

Sisi nasi, tunapokusanya habari za vijiji vyetu, tutasikia wazee wakichanganya miaka ao majina ya wafalme. Tusitupe maneno yao mara moja. Tuulize mahali pengine, tulinganishe, tutafute kipande kilicho kweli. Pengine muto uko, na ni mudomo wake tu haujaonekana.